Siku Nzima kwa Tao Moja

Ummi aliiweka karatasi mezani, akasogeza kopo la sukari pembeni ili baba yake aisome vizuri. Ilikuwa ratiba ya kundi la watalii: sehemu kumi na nne ndani ya siku tatu za Roma. Siku ya pili peke yake ilikuwa na Kolosiamu saa mbili na nusu asubuhi, magofu ya Foramu saa nne na nusu, kilima cha Palatino saa tano na nusu, makumbusho mawili baada ya chakula cha mchana, na jioni chemchemi ile ambayo watalii huitupia sarafu.

Mzee Burhani alivaa miwani, akasoma yote bila kuruka mstari. Kisha akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akaanza kukata. Alikata chemchemi. Akakata makumbusho yote mawili. Alipofika kwenye Kolosiamu, Ummi akamshika mkono.

"Hiyo usiikate, Baba. Watu wataniuliza."

"Watakaouliza waende wenyewe."

"Yaani ufike Roma usiingie Kolosiamu?"

"Nitaliona kwa nje. Jengo kubwa kama lile halijifichi."

Alikuwa na miaka sabini na miwili. Kwa miaka ishirini na miwili alilinda jumba la makumbusho katikati ya Johannesburg, na jioni, sare ikiwa bado mwilini, alikwenda shule ya usiku Jeppestown mpaka akapata cheti cha sekondari akiwa na miaka hamsini na mmoja. Cheti hicho kilitundikwa sebuleni kwake Troyeville, juu kidogo ya picha ya harusi ya Ummi, na Ummi alikuwa hajawahi kulisahau jambo hilo.

Katika kazi ile ya kusimama pembeni ya vyumba, Mzee Burhani alijifunza kitu ambacho hakikuwa vitabuni. Alijua jinsi watu wanavyochoka. Chumba cha kwanza wanasoma kila kibao. Cha pili wanasoma maandishi makubwa tu. Cha tatu wanatafuta pa kukaa, na cha nne wanauliza choo kiko wapi. Wakitoka nje wanapiga picha mlangoni, wanakwenda kusema wameona.

Yeye alitaka kuona. Na alichotaka kukiona kilikuwa kimoja: tao la Septimius Severus, kaizari wa Roma aliyezaliwa Afrika, kwenye pwani ya nchi ambayo leo inaitwa Libya. Alisoma habari zake shule ya usiku, akarudi nyumbani kwa miguu usiku ule kifua mbele. Kwenye karatasi ya Ummi tao hilo halikutajwa hata jina. Iliandikwa tu: Foramu, dakika sitini.

Siku ya Ijumaa baada ya sala walikwenda ofisini kwa Murielle, mama wa Kikongo aliyekuwa akiwakatia tiketi za ndege watu wengi wa mtaa ule. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya saluni na fundi cherehani.

"Papa Burhani, ile groupe haingojeake mutu," Murielle alisema. "Guide akisema twende, ni twende. Wananiuliza: huyu papa atatembea, ao tumutafutie kiti cha magurudumu? Niwajibu lundi, Jumatatu hii, la sivyo wanatosha jina, wanalifuta."

"Waambie mimi si mzigo."

"Goti lako linakataa ngazi za msikiti, Baba," Ummi alisema. "Kiti si aibu."

"Nani kasema ni aibu? Nimewaona waliokuja makumbusho kwa viti miaka ishirini na miwili. Mtu yuko katikati ya kibao, anasoma, midomo inacheza. Anayemsukuma amechoka, anamwondoa. Sijaona hata mmoja aliyemaliza kusoma. Anayesukuma ndiye anayechagua pa kusimama."

Murielle alimtazama Ummi. "Weye jibu hiyo sasa."

Ummi alitoa sharti. Jumapili baba yake atembee kutoka nyumbani hadi kwenye duka la Ummi, Kensington, atakavyo mwenyewe, kwa mwendo wake. Akifika, safari itakuwa yake, na karatasi aikate apendavyo. Akishindwa, ni kiti, na ni kundi.

"Dakika ishirini miguuni, kumi kukaa," Mzee Burhani alisema. "Huo ndio mwendo wa mtu anayetaka kukumbuka alichoona."

"Tumekubaliana."

Jumapili aliondoka saa tatu asubuhi, suruali imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Ummi alimfuata nyuma kwa gari, na kiti cha magurudumu, alichokiazima msikitini, kilikuwa ndani ya buti. Dakika ishirini za kwanza zilikwenda vizuri. Mbele ya spaza moja, kiduka cha mtaani, kulikuwa na ukuta mfupi aliouchagua tangu jana. Aliinama akae.

"Asalaam aleikum, Burhani."

Alikuwa Sharifu Vuai, mzee wa miaka themanini na sita, ametoka kununua mkate. Mzee Burhani akanyooka palepale. Kwa heshima hakuwahi kukaa mbele ya Sharifu Vuai tangu ujana wake, hangeanza leo. Wakaulizana hali. Wakaulizana wa nyumbani, wa Tanga, wa Unguja, mgonjwa wa nani ameruhusiwa hospitali na nani bado. Sharifu Vuai hakuwa mtu wa kukata maneno. Alipoaga, dakika kumi zilikuwa zimekwisha, na goti la Mzee Burhani lilikuwa limezitumia zote likiwa limesimama.

Angeweza kukaa kumi nyingine. Ummi mwenyewe aliteremsha kioo cha gari akamwambia akae. Lakini alikuwa amesema ishirini na kumi mbele ya watu, na kumi zilikuwa zimepita. Akaendelea.

Kwenye mlima wa kupandia Kensington goti lilikataa. Halikuuma sana, liliacha tu kufanya kazi. Akashika nguzo ya roboti, taa za barabarani. Taa ikageuka kijani, ikageuka nyekundu, ikageuka kijani tena, naye hajavuka.

Ummi aliegesha gari, akakifungua kiti pembeni yake.

"Haikuwa haki," Ummi alisema. "Sharifu ndiye aliyekumalizia muda."

"Sharifu hana kosa. Nimeshindwa, nimeshindwa." Akakaa kitini, akavuta koti lake vizuri. "Sukuma."

Alisukuma. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu, na duka lilikuwa halijafunguliwa, akaenda haraka. Walipita kinyozi, wakapita duka la simu. Mbele ya ukuta mmoja mkongwe kiti kikasimama ghafla, na Ummi akagonga mishikio kwa tumbo.

"Nini tena?"

Mzee Burhani alikuwa amevuta breki, magurudumu yote mawili. "Nasoma."

Ummi akainama akaiachia. Wakaenda hatua tatu. Akaivuta tena.

"Baba, tulikubaliana."

"Tulikubaliana kiti, nimekaa. Breki hatukuizungumza."

"Kundi litakuacha."

"Liniache. Nitakuwa nimeachwa nikiwa nasoma."

"Utanitia aibu mbele ya wageni."

"Nimesimama miaka ishirini na miwili nikiwangoja wageni wamalize. Safari hii nao waningoje."

Ummi alikwenda mbele ya kiti, akaweka mikono kiunoni, akawa kama mama yake alivyokuwa akikasirika. Mzee Burhani alimtazama bila kupepesa, mikono yake miwili juu ya breki. Watu wawili waliotoka kanisani walipita wakicheka. Mwishowe Ummi akageuka kuutazama ukuta.

"Haya. Unasoma nini hapo?"

"Sema wewe unaona nini."

"Tangazo la duka la samani. Limepauka."

"Chini yake."

Ilimchukua muda. Rangi ya samani ilikuwa imeanza kubanduka, na chini yake zilitokeza herufi nyingine, za jina la mwoka mikate. Ummi alisogea, akazifuata kwa kidole moja moja mpaka jina likakamilika. Alipita pale kila siku kwa miaka tisa.

"Lile tao liko hivyohivyo," baba yake alisema. "Kaizari aliacha watoto wawili wa kiume, na majina ya wote wawili yaliandikwa juu. Alipokufa, mkubwa akamuua mdogo, Geta, akaagiza jina lake ling'olewe. Walilitoa kwenye mstari wa nne, wakabandika sifa nyingine. Lakini herufi zile zilikuwa za shaba, zimepigiliwa, na matundu yamebaki. Mtu akitulia, kwa darubini, anaweza kumsoma mtoto waliyemfuta. Kundi likinipa dakika nne, nitaona jiwe tu."

Ummi aliendelea kuutazama ukuta. Kisha akakaa juu ya ukingo wa barabara, kando ya gurudumu, akatoa simu.

"Murielle, habari ya Jumapili. Tutoe kwenye kundi. Ndiyo, wote wawili. Kiti kiwepo." Akasikiliza. "Hapana, hakushinda. Ndiyo, ninajua tulivyosema."

Sauti ya Murielle ilisikika hadi kitini. "Na Colisée je, mama? Hamuingie?"

Ummi alifunika simu kwa kiganja. "Mimi Kolosiamu nataka, Baba. Sikufichi."

"Nenda. Niache chini ya tao asubuhi, unipitie ukimaliza."

"Na kama nikichelewa?"

"Chelewa," Mzee Burhani alisema, bila kuondoa macho ukutani wala mikono kwenye breki. "Ukirudi mapema nitakuwa sijafika mstari wa nne."