Mlango wa Gumba

Mikwaruzo minne ilikuwa mkononi mwa Ganza siku alipokuja kilioni, na kabla hajapata pa kukaa macho arobaini yalikuwa yameshaihesabu. Alivaa shati la kawaida, si sare ya polisi. Akainama mbele ya Mukamusoni, akampa pole, "Mwihangane, Maman," akanyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Kucha za nani hizo?" Mukamusoni aliuliza.

Ganza aliurudisha mkono wake, akatoka. Nyuma yake nyumba nzima ikachemka.

Kuchemsha nyumba ilikuwa kazi ya Mukamusoni tangu arudi kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, alikokulia. Kwenye baraza lake pale Kamembe alikaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, asubuhi na habari mchana kutwa, na mteja hakujua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichomrudisha kesho yake. Ganza mwenyewe, aliyepanga chumba uani kwa jirani, hakukosa jioni hata moja. Aliyempimia sambaza zake alikuwa Bella, binti wa pekee wa Mukamusoni.

Sasa Bella alikuwa chini ya udongo. Alikuwa akivuka mto wa mpakani, Rusizi, kwa njia za panya, vitenge sita amejizungushia kiunoni ndani ya gauni ili kukwepa ushuru, akakutana na Ganza kwenye doria. Mto ulimrudisha baada ya siku mbili. Hayo tu ndiyo yaliyojulikana. Mengine baraza liliyajaza lenyewe.

"Alikuwa anamutaka, Bella akamukatala," alisema mmoja.

"Njo maana alimusukuma."

"Na ile kamera ya kifua? Si banaivaa siku hizi?"

"Kamera ni yao, picha ni yao, na mdomo wa picha ni wao," akakata Mukamusoni, na neno hilo likaota miguu. Kabla jua halijatua, neno lilikuwa limeshafika sokoni.

Alihitaji mtu wa kumtwisha. Kifo kisicho na mkosaji ni mzigo usio na kata: kinakuchoma utosini moja kwa moja.

Siku ya kumaliza kilio, asubuhi, aliitwa kituoni. Akaenda na Feza, mfanyabiashara wa Bukavu, rafiki yake tangu wakiwa wasichana. Mkuu wa kituo, Afande Kamali, aliwapa viti, kisha akakigeuza kioo cha kompyuta kiwaelekee.

"Maman, si lazima uangalie. Lakini ni haki yako. Kama askari wangu angekuwa na kosa, ningekuita vilevile."

"Na nani ananiambia hamukukata kipande?"

"Saa inatembea hapa pembeni. Iangalie. Ikiruka hata sekunde moja, nisimamishe." Akaweka kidole juu ya ile saa. "Zamani tungebaki na neno lake na neno la mtaa. Na mtaa una midomo mingi kuliko yeye."

Kwa kuwa kamera ilikaa kifuani, Ganza hakuonekana. Ilionekana njia, ikaonekana migomba, kisha ukaonekana mgongo. Mgongo ule Mukamusoni alikuwa ameuosha, ameubeba, ameuchapa. Feza akamshika goti.

"Bella! Simama, ni mimi, Ganza! Weka vitenge chini, uende nyumbani!"

Bella aligeuka. Hakumwona Ganza, aliona sare. Akakimbia kurudi mtoni.

Mukamusoni alifumba macho, akayafumbua. Polisi hana jina, alikuwa akimwambia mtoto huyu tangu ananyonya. Ukimwona, kimbia, maswali utayauliza nyumbani. Sheria hiyo ilimwokoa yeye mara ngapi, enzi za ujana wake katika soko la Kadutu kule Bukavu, ambako kusimama kulikuwa na bei yake. Alivuka mpaka nayo kama mtu anavyohama na kinu cha bibi yake, hakuuliza kama huku kuna cha kutwanga.

Picha ikayumba. Maji. Mkono wa kushoto wa Ganza ulikuwa umeng'ang'ania mzizi, wa kulia ukaenda mbele ukakamata kifundo cha mkono wa Bella. Vitenge vilikuwa vimekunywa maji vikawa jiwe.

"Nimekushika. Tulia. Nimekushika."

Ndipo mkono wa Bella ukafanya kitu. Feza hakukielewa. Mukamusoni alikielewa kabla hakijaisha.

Mwezi uliopita, barazani, wanawake walicheka mpaka sambaza zikaungua. Yeye ndiye aliyekuwa akionyesha. "Ganza, kuja hapa, mukamate Bella mkono. Kaza, weye! Sasa ona, Bella: vidole vine ni ukuta, gumba njo mulango. Zungusha kwenye gumba, vuta!" Bella akachomoka. Wakarudia, akachomoka tena. Ganza akacheka, akikisugua kidole chake: "Maman, unanifundishia wezi!"

Kwenye kioo, Bella alizungusha mkono kuelekea gumba, akavuta. Ganza akamdaka tena, na kucha zikapita juu ya mkono wake, mistari minne. Bella akazungusha mara ya pili. Akachomoka. Alichomoka vizuri kabisa, kama alivyofundishwa.

Kisha ikawa sauti tu. Ganza akiita jina, kamera ikizama katika maji ya kahawia, ikiibuka, jina, ikizama. Saa ya pembeni ilitembea dakika kumi na moja. Haikuruka.

Mukamusoni alijua habari zinavyopikwa: kila mkono unaozipokea huongeza chumvi yake, mpaka mwenyewe akionjeshwa hazitambui. Hii ililetwa mbichi, na hapakuwa na pa kuitemea.

Nje ya kituo Feza alimsimamisha. "Muniskilize, Maman Bella. Tuseme maji yaliharibu picha. Nani atajua?"

"Ganza anajua."

"Na hajasema."

"Njo ile inaniua, Feza. Alikuwa pale barazani. Anajua ni nani alimufundisha. Na nilimuuliza kucha mbele ya bantu bote, akanyamaza."

Nyumba ilikuwa imejaa alivyozoea kuipenda, viti vya kuazima mpaka barabarani. "Umeona nini, Maman? Alimusukuma?" Waliuliza kwa pamoja, shingo zimenyooka.

"Mwiteni Ganza," alisema.

Alipoingia, watu walimpisha kama anayepishwa kwa ugonjwa. Akasimama katikati, mikono nyuma. Mukamusoni akasimama naye, akasimulia: njia, migomba, jina lililoitwa, mzizi. Alisimulia taratibu, bila chumvi, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakuna aliyemhimiza kwa "halafu?"

"Na ile ya mkono," akasema, "ni mimi..."

Akaunyoosha mkono wake, akautafuta ule wa Ganza nyuma ya mgongo, akauleta mbele, akakamata kifundo juu kidogo ya ile mistari minne. Akakaza. Mlango ulikuwa pale pale, kati ya gumba na vidole, na wote wawili walikuwa wakiijua njia yake.

Uani mtu alikuwa akiuzima moto wa kilio kwa maji. Ganza hakuuzungusha mkono.