Darasa la Pili, Wote Wapo

Fundi vitasa aliukagua mtaa kwa milango, kama daktari anavyoanza na ulimi. Ilikuwa Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi. Alichuchumaa mbele ya mlango wa kwanza, akasogeza jicho kwenye tundu la ufunguo, akapitisha kidole pembeni mwa kitasa kutafuta mikwaruzo. Hakuipata. Akahamia mlango wa pili. Nyuma yake walisimama dalali wa nyumba, akichezea funguo mkononi, na binti wa fundi mwenye umri wa miaka saba, ambaye kwao aliitwa Bi Maswali.

"Fundi, utaniharibia jina," dalali alisema. "Watu wakikuona unachungulia hivyo watadhani nimekuleta uibe."

"Si wewe uliyenileta?"

"Kupanga, fundi. Nimekuleta kupanga."

Fundi alikuwa na sababu ya kuchungulia. Kule walikoishi, wezi walikuwa wameingia nyumbani kwake mara tatu katika mwaka mmoja, na kwa mtu wa kazi yake hiyo ni aibu ambayo hata wateja huona haya kuitaja. Mara ya tatu walibeba redio, pasi, na sanduku lake la vifaa. Bi Maswali alikuwa ndani peke yake, akajificha chini ya kitanda akaitazama miguu yao. Tangu siku hiyo alilala huko huko chini ya kitanda, na kwa wiki sita hakuuliza swali hata moja. Mama yake, ambaye alikuwa mshonaji, alisema maneno machache: "Tafuta mtaa. Shule iwe karibu. Kitasa kingine sitaki kukiona."

Basi fundi alikuwa na kijitabu, na ndani yake ameandika kila jambo kwa mstari wake: Milango. Maji. Majirani. Shule. Barabara.

Mlango wa tisa haukuwa na kitasa kabisa. Ulifungwa kwa kamba ya kiatu. Fundi akavua kofia.

"Hapa hakuna mwizi," dalali alisema. "Wa mwisho alihama mwenyewe. Alilalamika kwamba kuingia kwenye nyumba iliyo wazi ni kumdharau."

Fundi akaandika: *Milango, safi.*

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na dirisha lililotazama barabara. Mama mwenye nyumba aliishi chumba cha jirani, ua ule ule. Walimkuta akifunika bakuli dogo la chakula kwa kitambaa.

"Karibuni, ila mtanisubiri kidogo," alisema. "Nampelekea mwanangu shuleni. Mapumziko yamekaribia."

"Anasoma darasa la ngapi?"

Fundi aligeuka polepole kumtazama binti yake. Lilikuwa swali la kwanza kwa wiki sita.

"La pili," mama mwenye nyumba alijibu.

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa sita."

"Mbona hapandi?"

"Alifariki akiwa la pili, mama. Na bila kufanya mtihani hawezi kupanda."

Bi Maswali aliridhika na jibu hilo. Dalali alitazama saa yake, akakumbuka kwamba anangojwa mahali.

Fundi, binti yake na mama mwenye nyumba waliongozana. Kati ya nyumba na shule ilipita barabara, na katika barabara yalipita malori ya kokoto yakitoka machimboni, moja likilifukuza lingine, maana madereva walilipwa kwa idadi ya safari. Tuta halikuwepo hata moja. Lango la shule lilifunguka moja kwa moja ukingoni mwa lami. Fundi alisimama na kumshika binti yake kifundo cha mkono, na ikawachukua dakika kumi na moja kupata nafasi ya kuvuka.

Shule ilikuwa nzuri. Madawati yalitosha, paa halikuvuja, na vyoo vilikuwa na milango, tena yenye komeo. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa mwanamke aliyekaribia kustaafu, kalamu imening'inia shingoni kwa uzi. Alikuwa na wanafunzi sitini na mmoja. Tisa kati yao, waliokaa upande wa dirisha, walikuwa wamekufa. Ukiwatazama tu usingewajua. Vumbi la chaki halikuwashika, na madaftari yao yalikuwa yamekomea ukurasa waliofikia siku ile, lakini kuimba waliimba, na mmoja wao alikuwa mtundu kupindukia.

"Wa kwanza alikuwa msichana," mwalimu alieleza, akisahihisha daftari. "Lori lilimgonga Ijumaa, tukamzika Jumamosi. Jumatatu nikasoma rejista, na jina lake nikalisoma kwa mazoea. Kalamu nyekundu nilikuwa nimeisahau nyumbani. Akaitika. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Fundi alifikiri. "Ningesoma jina linalofuata."

"Ndivyo nilivyofanya."

Wote tisa waligongwa mahali pamoja, hatua nane kutoka langoni. Kila asubuhi walitokea pale pale ukingoni, wamevaa walivyovaa siku ile, wakaingia darasani. Kila alasiri walirudi hadi ukingoni, wakaishia hapo. Ng'ambo hawakuvuka. Mama mwenye nyumba ndiye aliyevuka kila siku, asubuhi kumpandisha mwanawe soksi ya kushoto iliyokuwa imeshuka, na wakati wa mapumziko kumpelekea chakula. Mtoto alikionja kwa adabu, kilichobaki wakala wenzake.

Ukutani kwa mwalimu mkuu palitundikwa barua ya ofisi ya barabara, imegongwa mihuri miwili. Ilisema kwamba ombi la matuta limepokelewa, rejista imekaguliwa, na kwa kuwa shule hii haijapoteza mwanafunzi hata mmoja kwa miaka kumi na moja, matuta hayahitajiki. Ofisi iliipongeza shule kwa mahudhurio.

"Si mkate majina yao?" fundi aliuliza.

"Jina hukatwa kwa barua ya mzazi," mwalimu mkuu alisema. "Kila mwaka tunafanya kikao. Kila mwaka wazazi wanakubaliana kuandika. Halafu wanakwenda nyumbani."

Fundi alipotoka alimkuta binti yake kwenye benchi, amekaa na mtoto wa mama mwenye nyumba. Alikuwa akimuuliza kama kule anakokwenda jioni kuna mbwa. Njia nzima ya kurudi alimuuliza baba yake maswali thelathini na moja. Siku hiyo alilala juu ya kitanda.

Katika kijitabu, mstari wa Shule fundi aliandika: *safi sana.* Mstari wa Barabara aliuacha wazi.

Kesho yake alirudi peke yake. Mama mwenye nyumba alikuwa akianua nguo.

"Mama, nyumba nimeipenda. Ila nakuomba barua moja tu. Likikatwa jina moja, ofisi haitakuwa na la kusema."

"Unaniomba nimzike mara ya pili, baba."

"Naomba binti yangu avuke."

Mama alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Nimeshaiandika mara nne," alisema. "Nikifika kwenye sahihi, nakumbuka kwamba nimeacha sufuria motoni. Naenda kuangalia. Hakuna sufuria."

 Fundi akamshikia kapu la nguo.

"Yule binti yako," mama aliendelea, "jana alimuuliza mwanangu kwa nini soksi yake imeshuka. Alimwambia alikuwa anakimbia. Mimi ni mama yake, miaka sita naipandisha soksi ile, sikuwahi kumuuliza." Akaweka shati kapuni. "Kalamu unayo?"

Alhamisi asubuhi walivuka pamoja na barua. Mwalimu wa darasa la pili aliisoma mara mbili, akafungua droo, akatoa kalamu nyekundu ambayo wino wake ulikuwa umeganda, akaipulizia pumzi mpaka ikakubali.

"Utaratibu ni kuita mara tatu," alisema. "Asipoitika, ndiyo nakata."

Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni, mikono ndani ya khanga. Mwalimu akaita jina.

"Nipo."

Akaita mara ya pili.

"Nipo, mwalimu."

Mara ya tatu mtoto alisimama, kama asimamavyo mtoto anayedhani hakusikika, akajishika kifuani kuonyesha ni nani anayesema. "Nipo mimi hapa."

Mwalimu akafunika kalamu. "Aliyepo hakatwi," alisema. "Siwezi, mama. Hata mkaguzi hawezi."

"Basi," mama alisema, akakaa kwenye sakafu pale pale mlangoni, akatoa pumzi ndefu. Fundi naye alijisikia nafuu, na papo hapo akaona aibu, kwa kuwa nafuu hiyo haikumsaidia binti yake lolote.

Mwalimu alifungua faili ili aiweke barua. Ndani zilikuwamo nyingine nane, zote zimetiwa sahihi, kila moja kwa mwandiko wake.

"Wanadhani ni wao peke yao walioandika," alisema. "Huja mmoja mmoja, wakati wengine hawapo. Huniomba nisiseme."

Mwalimu mkuu, ambaye hakuwa amelijua hilo, alizituma ofisi ya barabara barua zote tisa. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, safari hii na mihuri mitatu. Lilisema kwamba mwanafunzi anayeitika ni mwanafunzi aliye hai, na kwamba ofisi inawaomba wazazi waache mzaha.

Mama yake Bi Maswali alikuja kuiona nyumba siku ya mapumziko yake. Aliutazama mlango wa kamba ya kiatu, akamtazama binti yake akimhoji mama mwenye nyumba kuhusu vifungo, akasimama ukingoni mwa barabara muda mrefu, kokoto zikimrukia miguuni.

"Kule wanatufuata mpaka ndani," alimwambia mumewe. "Huku tutamshika mkono."

Mwisho wa mwezi walihamia. Fundi alifungua kibanda chake chini ya dirisha, kwenye mtaa usiohitaji vitasa, akawa anachonga funguo za makabati. Bi Maswali aliandikwa nambari sitini na mbili, kwa wino, kwa sababu penseli mwalimu hakuwa nayo.

Asubuhi ya kwanza fundi alimvusha, akarudi upande wake, akasikiliza. Sauti ya mwalimu ilifika hadi kibandani. Aliyasikia majina yote na majibu yote, na la mwisho likawa la binti yake: "Nipo." Akachukua tupa, akaanza kazi. Baada ya kitambo kidogo akaiweka chini, kwa kuwa alikumbuka kwamba katika darasa lile jibu hilo halimwambii mzazi chochote.

Kwa hiyo kila alasiri hufunga kibanda mapema, akasimama ukingoni karibu na mama mwenye nyumba.  Kengele hulia, watoto hutoka langoni wakisukumana, wanafika ukingoni wote sitini na wawili, na lori hupita na vumbi lake jeupe likawafunika. Hapo fundi hukodoa macho, akangoja kuona nani atatoka ndani ya vumbi akija upande huu.

"Baba, mbona unanibana mkono?" Bi Maswali huuliza, viatu vyake vimejaa vumbi, na fundi huvitazama viatu vile kwanza kabla ya kujibu.

Mama mwenye nyumba hubaki amemwinulia mwanawe mkono kuelekea ng'ambo. Huushusha lori linalofuata linapopita.