Gari la Marehemu

Mumewe alipofariki, gari lilibaki uani likila vumbi. Watoto walikuwa mbali, kila mmoja na hamsini zake. Mjane akawa anafungua mlango wa dereva, anakaa kidogo, kisha anarudi ndani kwenye cherehani yake.

Shemeji yake alishauri liuzwe. "Umri huo, shemeji, ndio uanze klachi na gia? Utamaliza kuku wa watu!" Akacheka peke yake.

Kesho yake mjane alikwenda kujiandikisha chuo cha udereva.

Mwalimu, mwanamume wa makamo mwenye vumbi la chaki hadi masikioni, alichora injini ubaoni, mishale huku na kule. Wanafunzi wengine wakatikisa vichwa kuonyesha wameelewa. Mjane aliona mishale tu. Barabarani gari lilimzimikia kila alipoachia klachi.

"Mama, si nilichora? Nieleze tena mara ngapi?"

Machozi yakamlenga. Akakumbuka walivyomwita shuleni utotoni: kichwa maji.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Naomba unyamaze kidogo."

Mwalimu akafunga mdomo. Mjane akawasha, akainua mguu polepole, akasikiliza. Mngurumo ukashuka, ukawa mzito, kama cherehani inapokutana na pindo nene. Hapo mguu wake ukajua pa kusubiri. Gari likaondoka taratibu, bila kushtuka.

Walifika mbali ndipo mwalimu akasema, "Kumbe! Wengine nawachorea. Sikufikiria kuna wa kunyamaziwa."

Tangu siku hiyo walifundishana hivyo, na mtihani akaupita.

Leseni mkononi, akampigia binti yake mkubwa.

"Hongera, mama! Niko kikaoni, nitakupigia."

Wa pili hakupokea. Simu ya shemeji hakutaka hata kuijaribu. Kicheko kile kingemharibia siku.

Basi akalitoa gari uani, akapita sokoni, akapita mtaa wa mafundi, akatoka nje ya mji. Kwenye mlima aliokuwa akiuogopa alibadili gia mapema, gari likapanda kama halina mzigo. Furaha ikamjaa kifuani. Akageuza uso kushoto, kwenye kiti cha abiria.

"Umeona, baba watoto?"

Kitini palikuwa na mkoba wake tu. Akafuta uso kwa ncha ya kitambaa, kisha akakanyaga mafuta, maana nyuma kulikuwa na lori likipiga honi.