Maneno Yangu Kinywani mwa Redio

Mdogo wangu tulimwita Redio tangu hajamaliza kuota meno, kwa sababu ukishamwasha hazimiki. Mimi ndiye niliyempeleka kazini kwetu, kwenye nyumba ya maonyesho ya wanyama wa bahari, na kama ningejua yatakayotokea ningemwambia nafasi zimejaa.

Kazi yangu ni ya chumba cha nyuma. Nasugua vioo vya matangi, naosha vichujio, nabadilisha maji, nawalisha nyota wa bahari, wale ambao wengine huwaita viti vya pweza. Bi Daktari, mkuu wetu na mganga wa wanyama wote wa pale, ndiye aliyenifundisha, tukiwa tumeinamia maji pamoja, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Niliishia shule ya msingi, lakini kusikiliza hakuulizi cheti, na kutazama ndiyo kabisa. Na nyota anataka mtu wa kutazama. Ukimpa dakika moja utasema amekufa. Ukikaa naye unaona ameshapanda kioo, na chini ya mikono yake miguu midogo mamia kwa mamia, laini kama mirija, inashika na kuachia, inashika na kuachia. Hana ubongo. Hana damu. Kinachozunguka mwilini mwake ni maji ya bahari, yanayoingilia kwenye kidoa kigumu mgongoni, mfano wa kifungo cha shati. Kwenye ncha ya kila mkono ana jicho linalojua mwanga na giza tu, basi.

Haya yote nilikuwa namsimulia Redio jioni nyumbani huku nikipiga pasi. Wakati huo yeye alikuwa anakata tiketi mlangoni. Alijishika mbavu nilipomweleza nyota anavyokula kome. Anamkumbatia na ganda lake, anamvuta taratibu, hana haraka na mtu, mpaka kome anachoka na kuachia upenyo mwembamba. Hapo nyota anatoa tumbo lake nje kupitia mdomoni, analipenyeza ndani ya ganda, na kome anayeyushiwa humohumo nyumbani kwake.

"Watu wote wanapeleka chakula tumboni," nilimwambia. "Huyu anapeleka tumbo kwenye chakula. Ukimwalika, funga jikoni."

"Dada! Hayo unayatoa wapi?"

"Kichwani mwangu."

Basi Bi Daktari akatangaza kwamba anatafuta mtu wa kusimama kwenye bwawa la kugusa, pale wageni wanapoingiza mikono majini na kuelezwa habari za nyota na ndugu zake. Nilijua ni mimi. Sikumwambia mtu, lakini nilijua. Nilianza kuyasema maneno yangu kimoyomoyo huku nikisugua vioo, na mahali pa kicheko nilikuwa nanyamaza kidogo ili wacheke.

Akamchukua Redio.

"Ana sauti," Bi Daktari aliniambia, "na ana sekondari yake. Tena juzi nimemsikia mlangoni akiwaambia wageni habari za tumbo la nyota, watu hoi kwa kicheko. Wewe nakuhitaji huku nyuma. Huku sina mwingine."

Alisema kwa wema. Nikasema asante. Nikarudi kwenye vichujio vyangu na roho inaniuma kama jino.

Tangu siku hiyo wivu nikaujua sura na sauti. Sare ya Redio ilikuja na nyota mwekundu kashonwa mfukoni, na anayeipiga pasi ni nani? Mimi. Mama, tukikaa kula, anamgeukia yeye: "Haya mwanangu, leo umewaambia nini wageni?" Naye anaanza, na mama anacheka, na mimi nakaa pale nayasikiliza maneno yangu yanapita juu ya meza kama bakuli ambalo halinifikii. Hakuna siku mama aliuliza mimi nimewaambia nini nyota.

Kazini ndiyo mbaya zaidi. Chumba cha nyuma na bwawa vinatenganishwa na ukuta wa mbao, sauti ya kipaza inapita moja kwa moja. Alisema miguu yao ni kama mirija, neno langu. Alisema kifungo cha shati, neno langu. Alipofika kwa jongoo bahari, ambaye ni ndugu yake nyota ingawa huwezi kumdhania, alisema, "Huyu akitishwa anakurushia matumbo yake na kuondoka zake, kisha anakwenda kujiotea mengine. Ni nani kati yenu ana shangazi wa hivyo?" Wageni wakaangua kicheko. Shangazi huyo nilimleta mimi, kwenye ubao wa pasi. Midomo yangu ilikuwa inakwenda pamoja na yake, na alipokosea mahali pa kunyamaza nilifurahi kabisa. Nilifurahi kama mtu aliyepata zawadi.

Ningesamehe, nadhani, kama angesema mara moja tu: dada yangu ndiye aliyeniambia. Nilikuwa nangoja hilo. Kila kundi likiingia nilizima bomba ili nisikie. Hakusema.

Jioni moja akaja kukaa kwenye kiti cha jikoni, mimi na pasi yangu kama kawaida.

"Dada, nipe kitu kipya. Kesho wanakuja watoto wa shule, na watoto ukiwapa yaliyopoa wanakuzomea."

"Huna kwako?"

"Ah, usiwe mchoyo bwana."

Nikamwambia habari za wavuna chaza ambao Bi Daktari aliwahi kunisimulia. Walikuwa wanawachukia nyota kwa sababu nyota waliwamalizia chaza. Kila wakimkamata mmoja wanamkatakata kwa hasira, wanamtupa majini, wanapangusa mikono. Na nyota hawakupungua, wakazidi, maana kipande kinaweza kuota mikono mingine na kuwa nyota mzima.

Redio akaruka kutoka kitini. "Hapohapo! Imetosha! Hiyo watapiga makofi!" Akakimbilia kwenye kioo cha chumbani, kijiko mkononi kama kipaza sauti.

Hakuwa ameisikia yote. Nusu ya pili nilikuwa nayo mdomoni: kwamba si kila nyota anaweza hivyo. Wengi, kipande kisipokuwa na sehemu ya pale katikati mikono inapokutana, kinaoza tu. Wapo wachache wembamba ambao mkono mtupu unaota nyota mpya, na hao tunao kwenye tangi la nyuma, si kwenye bwawa la kugusa. Nilitaka kumwita. Kisha nikamsikia kule chumbani akisema, "Ndugu zangu, niwape siri moja," na nikasema moyoni, hii nusu inabaki kwangu. Sikumtakia baya. Nilitaka tu kuwe na kitu kimoja ambacho hatakisema yeye. Nikageuza shati, nikapiga pasi mgongo wake.

Kesho yake watoto walikuja, wamejaa kelele. Mimi niko nyuma ya mbao nakatakata kome. Redio akawatia mfukoni mara moja. Akafika kwa wavuna chaza, akawaigiza hasira zao, watoto wakapiga makofi kama alivyotabiri. Na Redio, makofi yakimpanda kichwani hajui kufunga breki. Akaongeza la kwake:

"Hata huyu hapa! Mkigawana leo, baada ya siku chache mnao wawili!"

Nikaacha kisu. Nilikuwa naufikia mlango niliposikia mayowe.

Wasichana wawili, marafiki, walikuwa wamemtoa majini nyota mkubwa wa rangi ya machungwa, kila mmoja kashika upande, wakavutana ili kila mmoja apate wake. Nyota akivutwa hivyo huwa anauachia mkono mwenyewe, ajiokoe. Basi mmoja alibaki na nyota wa mikono minne, mwingine na mkono peke yake, miguu midogo bado inatafutatafuta hewani. Mwenye mkono alikuwa anatabasamu. Aliona nyuso za watu wazima ndipo akaanza kulia.

Bi Daktari alitoka ofisini mbio. Alimpokea yule nyota kwa viganja viwili, akamrudisha majini, akatazama jeraha. Kisha akamgeukia mdogo wangu, sauti chini.

"Nani alikuambia kwamba huyu anaota hivyo?"

Redio aligeuza kichwa. Alinitazama mimi pale mlangoni. Nikangoja. Nikasema, leo atasema. Leo lazima aseme.

"Nilisoma, Bi Daktari."

"Wapi?"

"Shuleni. Zamani. Nilikosea mimi."

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Mtu mwema angeona mdogo wake anambebea mzigo, angelia. Mimi niliona amechukua na hili. Kifungo cha shati amechukua, shangazi amechukua, mama amemchukua, Bi Daktari amemchukua, na sasa hata kosa langu, ambalo nililitengeneza mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu, analitia mfukoni kwenye nyota wake wa kushonwa.

"Hajasoma popote," nikasema, kwa sauti ambayo hata mwalimu wa watoto aligeuka. "Hayo ni maneno yangu."

"Dada, nyamaza," Redio akaninong'oneza.

"Sinyamazi. Ya leo ni yangu na ya siku zote ni yangu. Lile la tumbo, la jongoo, la kifungo. Yote nampa mimi jioni."

Bi Daktari alinitazama, kisha akamtazama yeye, akarudi kwangu. "Na kwamba huyu mkono wake hauoti nyota mwingine, hukujua?"

"Nilijua. Ulinifundisha."

"Ukamnyima."

"Nikamnyima."

Alivuta pumzi ndefu. "Huyu mnyama ataota mkono mwingine, jeraha lisipooza. Atahitaji karibu mwaka. Huo mkono alioshika mtoto ndiyo basi tena." Akamtoa tena nyota majini, akanipa. "Mpeleke tangi la wagonjwa. Kisha rudi uwaeleze watoto mwenyewe, kwa sababu mimi nikisema sasa hivi nitasema vibaya."

Ndivyo nilivyopata kusimama kwenye bwawa. Kipaza sauti kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na bado kina joto la mkono wa Redio. Nikawaambia watoto nusu ya pili. Hakuna aliyecheka, na nilikuwa nimezoea kimoyomoyo wakicheka. Yule msichana akauliza kama mkono unasikia maumivu, nikafungua mdomo, nikagundua kwamba sijui. Nikamwambia sijui. Alilia upya.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Redio mbele, mimi nyuma. Kisha akageuka katikati ya njia.

"Nilikuwa nakulinda, mjinga wewe!"

"Nani alikutuma?"

"Angekufukuza!"

"Angenifukuza kwa langu. Lilikuwa langu."

Akanitolea macho. "Kumbe hata kosa unalionea wivu?"

"Hata hilo."

"Makubwa haya." Akaanza kutembea, akasimama tena. "Unadhani mimi nasikia raha? Wewe unaingia kwa Bi Daktari bila hodi, mnainamia yale maji mkinong'ona kama mtu na mama yake. Mimi nabisha, naambiwa subiri nje. Ningesema maneno ni yako ningebaki na nini? Shati?"

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mlango wa chumba cha nyuma una upande wa nje. Nilimtazama vizuri, kama ninavyotazama wanyama wangu. Kweli, ilikuwa inamuuma. Na nitasema ukweli, ilinipoza kidogo.

"Bi Daktari kasema kesho bwawani tusimame wote wawili," nikasema.

"Nimesikia. Nani anaanza?"

"Mimi."

"Thubutu! Huna hata sauti. Ulikuwa unanong'ona kama bomba linalovuja."

"Na wewe huna la kusema."

Tukakata kona ya nyumbani. Geti lilikuwa wazi, tukamwona mama kwa mbali amekaa kibarazani anachambua mchele. Redio akaongeza mwendo. Nikaongeza. Kila mmoja alitaka mama aisikie habari hii kwake kwanza, na tulipofika getini tulikuwa tunakimbia.