Fisi wa Marehemu Yohana

Ignas alipanda mlima kutoka Mlali na viatu vyake vya Mzumbe, vya kukanyagia sakafu, akafika kwa shangazi yake Bernadeta ana tope hadi mahali pasipotajwa. Akaamkia, akaitikiwa, akapewa kigoda kifupi kwa makusudi, magoti yakamfika masikioni.

Alichofuata kilijulikana. Nyumbani ana kabati zima la katuni za zamani, zile za kuchorwa kwa mkono picha moja moja. Mikanda yake ya filamu huipangusa kwa pamba kama kitovu cha kichanga. Lakini inayomkosesha raha ni moja tu, ya fisi anayesonga ugali, ugali ukamkimbia. Aliichora baba yake, marehemu Yohana, miaka miwili mizima, alipokuwa fundi pale misheni. Haina nakala. Mistari yake inatetemeka kwa sababu mkono wa Yohana ulitetemeka, na kwa Ignas utamu wote uko hapo. Kingine cha baba yake hana, hata picha ya kitambulisho.

Bernadeta alimsikiliza huku akichambua maharage. Kisha akamkumbusha, taratibu, kwamba siku ya kumaliza matanga aliitwa mara tatu, akajibu ana wageni, anawaonyesha katuni. Na mali ya Mluguru huenda kwa wapwa zake.

“Mama yako Mchaga. Kwao mtoto ni wa baba, kwetu ni wa mama. Wewe, baba, umeangukia katikati.”

“Sitaki shamba, shangazi. Nataka fisi tu.”

“Fisi tulishamgawa.”

Walimgawa kama kaniki. Bernadeta mwenyewe alinyoosha mikono, akapima, akakata kwa mkasi, pima moja kwa kila mpwa, wote kumi na watatu, asinung'unike mtu. Judith kafungia nyanya. Raphael katundika kwenye njegere, afukuzie ndege.

Ignas alitoka mbio. Alikifungua kipande cha kwenye njegere, akakiinua juani. Masika yote yalikuwa yamepita juu yake. Picha zilikuwa zimebanduka, isipokuwa moja, yenye mwiko na nusu ya mkono. Akaomba apewe hiyo moja, hata kwa kupiga magoti.

“Kamwombe Raphael, ni yake. Yuko Dar, atarudi Krismasi,” alisema Bernadeta, akapeta maharage. “Kwa sasa kirudishe. Ndege wanashuka.”

Ignas akakifunga. Shangazi akamwambia akaze fundo.