Nyenje wa Fundi Hamdam

"Baba Muattar, ukitoboa shimo jingine kwenye ukuta huu, nakwenda zangu kwa dada yangu!"

Fundi Hamdam alikuwa amepiga magoti katika chumba cha wageni, tindo mkononi, sikio kalibana ukutani. "Yumo humu, Mama Muattar. Nyenje. Nyiiii, usiku na mchana. Hebu nyamaza usikie."

Salomat, mkewe, alitega sikio. Hakusikia kitu. Na washenga wa kumposa binti yao, Muattar, walikuwa njiani.

Maisha yake yote Hamdam alikuwa mfua shaba katika soko la mji wa Kokand. Alifua birika na masinia katikati ya nyundo za wenzake, jioni akarudi nyumbani akiongea kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Majira haya ya baridi mgongo ulimgomea, akafunga karakana. Ndipo nyenje alipohamia: kwanza darini, kisha nyuma ya jiko, sasa ukutani. Salomat alifukiza majani, akamwaga maji ya moto kwenye nyufa. Wapi! Alichoogopa Hamdam, na hakuthubutu kumwambia mkewe, ni kwamba huenda hakuna nyenje yeyote, bali akili ndiyo inayomtoka.

Salomat aliangika kitambaa alichotarizi kwa ajili ya harusi yao, chenye makomamanga mekundu, kikaficha mashimo yote. "Keti hapa mbele yake. Na usitaje nyenje! Mtoto anampenda yule kijana. Ukimharibia, sikusamehe."

Walikuja watatu: mama wa kijana, shangazi yake, na mjomba Tursunboy, mpiga tarumbeta wa harusini. Pilau ililiwa ikasifiwa. Kisha maneno yakaisha, kila mtu akawa anamngoja Muattar alete chai. Chumba kikatulia tuli.

Nyiiii.

Ilikuwa kali kiasi kwamba Hamdam aliona aibu mbele ya wageni. "Mtuwie radhi," akasema. "Huyu nyenje tunamtafuta."

Salomat alifumba macho.

"Nyenje gani, na theluji yote hii?" aliuliza shangazi. Mama wa kijana akaweka bakuli lake chini taratibu.

"Yupo hapa!" Hamdam akainuka, akavuta kitambaa, na ukuta ukaonekana ulivyochimbwachimbwa.

Tursunboy akamsogelea. "Wako analia juu au chini?"

"Juu. Kama ukingo wa sinia ukiguswa na nyundo ndogo."

"Wangu anapiga mluzi. Nilidhani ni ndege, nikakata mforosadi mzima nikimtafuta."

"Kaka!" mama wa kijana alimaka. "Si ulituambia mti una wadudu?"

"Ningesemaje? Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia makelele ya miaka yameyachosha masikio, na sikio lililochoka hujitungia sauti lenyewe. Kwenye zogo husikii; kwenye kimya ndipo linajidai. Dawa yake, usikae kimya mno. Mimi nimeweka kware dirishani."

"Kwa hiyo si kichaa?" Hamdam aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo mkewe hakuwahi kuisikia.

"Kichaa labda unacho, fundi, lakini si cha hili."

Mama wa kijana alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha akachukua mkate uliokuwa katikati, akamshikisha Salomat upande wa pili, wakauvunja. Neno likawa limekubaliwa. Nyuma ya mlango vikombe viligongana; Muattar alikuwa amesikia yote.

Kesho yake Tursunboy alileta kware ndani ya tundu la kibuyu. Salomat, ambaye hakupenda ndege nyumbani, alipigilia msumari mwenyewe juu ya shimo kubwa kuliko yote, akalitundika. Pit-pilik! Pit-pilik! Hamdam alikunywa chai akitabasamu peke yake.

Kware alipopumzika, Salomat aliweka sikio ukutani. "Bado yupo?"

"Yupo," alisema Hamdam, akimmiminia chai. "Anamngoja mwenzake aendelee."