Koti la Kinyozi Aliyenyooshwa Shingo

Kinyozi aliinamia vichwa vya watu miaka ishirini, hata shingo yake ikazoea kulala kushoto. Kila mtu aliliona hilo isipokuwa mwenyewe. Nyani haoni kundule. Mkewe, fundi cherehani, aliliona kuliko wote, na dawa yake ilikuwa sindano. Kila koti la mumewe alilijaza pamba bega la kushoto, akalipunguza la kulia, na kinyozi akitoka nje anaonekana kanyooka kama watu. Siri hiyo hakumwambia hata dada yake.

Sasa, siku mbili kabla ya harusi ya binti yao, mzee kachoshwa na maumivu ya kichwa, kaenda kwa tabibu wa viungo. Shingo ikashikwa, ikageuzwa, ikalia ko! Alirudi kichwa kimesimama, ila miguu haikuwa imepata habari. Alijigonga mlangoni, akaliomba radhi kabati.

"Tabibu kasema huenda nikayumba kidogo mpaka mwili uzoee," alieleza.

Kisha akajaribu koti la harusi. Kwenye kioo, bega la kushoto lilipanda likataka kuongea na sikio.

"Mama watoto! Yule mtu kanipinda! Narudi sasa hivi anirudishe nilivyokuwa. Na akishindwa, mwanangu atapelekwa na mjomba wake. Mimi mbele za wakwe hivi siendi!"

Maji yalimfika fundi shingoni. Akinyamaza, shingo nzima itakwenda kupindwa. Akisema, uongo wa miaka yote hiyo utaanikwa juani. Mumewe alikwisha shika kitasa.

"Baba watoto, rudi. Si shingo. Ni koti."

Akalifumua koti bitana mbele yake, akachomoa pamba, akamweleza yote.

Kinyozi alikwenda kabatini akabonyeza mabega ya makoti yake, moja moja, hata lile alilovaa kumzika babake. Yote yalikuwa na pamba.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeanza kutembea ukijificha. Nami napenda unavyotembea."

Kinyozi alifuta macho kwa mkono wa koti, fundi akamkemea asichafue kitambaa. Kisha akasimama apimwe upya, akayumba, akamkamata mkewe begani.

"Usinishike, napima."

"Nikikuachia naanguka."

Fundi aliutazama utepe, namba hazikusomeka kwa machozi.

"Basi shika," alisema.